Nyasi za bustani Dodoma: lini upande, lini umwagilie, lini uziache zilale (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba zimeota kila upande, Iyumbu, Nzuguni, Ilazo, Mtumba, na karibu kila mwenye nyumba anataka kipande cha kijani mbele ya baraza. Wengi wametoka Dar es Salaam, Moshi au Mbeya na wamekuja na mazoea ya bustani za huko. Mazoea hayo hapa yanakula hela. Dodoma ina mvua za msimu mmoja tu, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima, kisha miezi saba ya ukavu. Ukizipangia nyasi kazi zake kwa kuifuata mvua hiyo, gharama inashuka sana. Ukienda kinyume nayo, utamlipa mwenye boza la maji kila wiki.

Miezi ya kupanda ni ipi hasa?

Katikati ya Desemba hadi mwisho wa Januari. Ukipanda wakati huo, nyasi zinapata wiki kumi na zaidi za mvua na joto la kushusha mizizi kabla mbingu hazijafunga. Februari inawezekana kama una tangi kubwa na subira, kwa sababu mara nyingi katikati ya msimu mvua hukatika kwa wiki mbili au tatu, na pengo hilo huangukia Februari. Machi tunapanda kwa kusitasita. Kuanzia Aprili hatupandi, hata mteja akibembeleza.

Nyumba yangu imeisha Julai na maji ya bomba ninayo. Kwa nini nisipande sasa?

Unaweza, na zitaota. Shida ni bei ya kuotesha. Pingili mpya, yaani vipande vya shina tunavyopandia, hazina mizizi, kwa hiyo zinataka udongo wa juu ubaki na unyevu kila siku kwa wiki tatu za mwanzo, na Julai usiku unashuka hadi nyuzi 13 au 14. Kwenye baridi hiyo nyasi za ukanda wa joto zinasinzia. Zinakunywa maji yako bila kukua. Zikianza kuamka Septemba, upepo wa Dodoma nao umeshika kasi, ule wa vumbi jekundu, na unakausha udongo kuanzia saa nne asubuhi. Kazi ambayo Januari ingeisha kwa wiki sita, hapo itachukua miezi minne.

Ukiwa na haraka ya kuondoa vumbi mlangoni, mwaga changarawe au panga mawe kwenye njia za kupitia, panda miti, na sehemu ya nyasi iache kwanza.

Video nyingi mtandaoni zinasema Machi na Aprili ndiyo miezi ya kupanda na kuweka mbolea.

Zinasema kweli kwa Ulaya na Marekani, ambako Aprili ardhi inaanza kupata joto baada ya baridi kali. Huku Aprili ndiyo mvua inaaga. Mtu anayefuata ratiba hiyo anaziamsha nyasi kwa mbolea wakati zinapaswa kupunguza mwendo, zinatoa majani laini mengi, na Juni zinakutana na ukavu zikiwa hazijajiandaa.

Angalia pia mbegu zenyewe. Pakiti nzuri zenye picha ya uwanja wa kijani kibichi mara nyingi ni nyasi za nchi za baridi. Zinaota vizuri sana Januari, unafurahi, unapiga picha, halafu Oktoba jua la nyuzi 31 linazimaliza zote. Usinunue mbegu kabla hujajua jina la nyasi.

Ni aina gani ya nyasi inayofaa?

Kwa sehemu kubwa ya Dodoma tunapendekeza ukoka, huu huu unaotambaa barabarani, au aina zake zilizoboreshwa zenye majani membamba. Una mashina yanayotambaa juu na mengine chini ya ardhi, na hayo ya chini ndiyo yanayohifadhi uhai kiangazi. Ukoka unaweza kukauka majani yote na bado ukarudi.

Paspalum tunaitumia pale ambapo maji ya kisima yana chumvi. Nyasi za Pemba, zile zenye majani mapana, zinavumilia kivuli kuliko ukoka ila zinataka maji zaidi na zikikauka kabisa harudi mtu. Kikuyu tungekushauri uiache Arusha, Iringa na Limuru, kwenye baridi ya milimani ilikotoka. Kila mwaka tunaitwa kuifufua mahali fulani mjini, na kila mwaka tunasema maneno yale yale.

Nikisubiri mvua, Septemba hadi Novemba nifanye nini?

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote na ndiyo inayorukwa. Ua wa nyumba mpya si shamba. Ni mahali ambapo kwa mwaka mzima zege limechanganywa, malori yamekanyaga, na mafundi wamefukia vipande vya tofali, mifuko ya saruji na misumari. Chukua nondo nyembamba uichome ardhini kwa mkono sehemu mbalimbali. Inapogoma kabla ya kufika urefu wa kiganja, mizizi nayo itagomea hapo hapo, na nyasi zenye mizizi ya vidole vitatu haziwezi kuvuka kiangazi cha Dodoma hata uzifanyie nini.

Kwa hiyo Septemba toa kifusi. Oktoba lima kwa jembe au sururu kina cha sentimita 15 hadi 20. Ardhi ikiwa ngumu kama sakafu, mwagia maji jioni ulime kesho yake asubuhi. Palipomwagika saruji chota udongo wote utupe, usidanganyike kuuchanganya. Kisha weka samadi iliyooza vizuri, tabaka la sentimita mbili hivi, uichanganye na udongo. Kwa eneo la mita za mraba 100 hiyo ni kama kirikuu (pikapu ndogo) mbili zilizojaa. Samadi haina shida Dodoma, mazizi ya ng'ombe na mbuzi yapo kila upande, ila ya moja kwa moja kutoka zizini inakuja na mbegu za magugu na inaunguza. Inunue Mei au Juni, irundike, iloweshe mara moja moja, ifunike. Ikifika Novemba haina harufu tena na ukiishika inamomonyoka.

Sawazisha ukiacha mteremko mdogo kutoka kwenye msingi wa nyumba. Mvua za hapa hazinyeshi nyingi, lakini zikija zinakuja kwa hasira.

Mvua ya kwanza imenyesha vizuri sana. Nianze kupanda?

Bado. Mvua ya kwanza ya Novemba ina tabia ya kumwagika siku mbili kisha kupotea wiki mbili au tatu. Waliopanda mahindi wanaijua, na nyasi hazina tofauti. Iache ile mvua ifanye kazi nyingine, yaani kuotesha magugu yaliyolala ardhini. Yakiota na kufikia urefu wa kidole, yalimie juu juu au yapulizie dawa, halafu ndipo upande. Ukipitia hatua hii mara moja tu, palizi ya mwaka mzima inapungua kwa kiasi utakachokiona kwa macho.

Alama ya kuanza ni mbili zikiwa pamoja: unyevu umefika kina cha sentimita 15 ukichimba kwa panga, na mvua ya pili imekuja ndani ya wiki moja. Utabiri wa mvua za msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutolewa kabla msimu haujaanza na unaeleza kama mvua zitawahi au zitachelewa, kwa hiyo usikilize kabla hujaagiza pingili.

Pingili zenyewe ziwe mbichi, zimechimbwa siku hiyo hiyo au jana yake, zimefunikwa kwa gunia lililoloweshwa. Zipande kwa mistari, sentimita 10 hadi 15 kutoka moja hadi nyingine, vifundo viwili viingie ardhini na ncha ibaki nje. Kanyaga taratibu. Mwagia papo hapo hata kama mawingu yametanda.

Baada ya kupanda, lini watoto wanaweza kuchezea hapo?

Wiki sita hadi nane, au utakapovuta nyasi kwa mkono zikakataa kung'oka. Wekeni kamba na msimamo.

Nimwagilie kiasi gani?

Anza na hesabu hii: milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ukoka uliokwisha shika, ukitaka ubaki kijani Septemba na Oktoba, unataka milimita 25 hadi 30 kwa wiki. Kama eneo lako ni mita za mraba 100, hiyo ni lita 2,500 hadi 3,000 kila wiki, nusu ya tangi la lita 5,000 au zaidi. Watu wengi wakiona namba hiyo ndipo wanapoanza kufikiria upya ukubwa wa bustani, na ni vizuri waione kabla ya kupanda.

Gawanya maji hayo mara mbili kwa wiki, siyo kidogo kidogo kila jioni. Kumwagia juu juu kila siku kunafundisha mizizi kukaa juu, na siku mgao ukikatika nyasi zinaanguka siku ya tatu. Kupima ni rahisi. Jaza ndoo ya lita 20 kwa mpira wako ukihesabu muda. Ikijaa kwa dakika moja, basi lita 1,250 zitachukua saa moja na dakika chache. Kama unatumia kinyunyizio kinachozunguka, tega makopo mawili matatu matupu sehemu tofauti uone maji yamefika kina gani baada ya nusu saa. Utashangaa jinsi kona moja inavyopata maradufu ya nyingine.

Siku ya pili choma ile nondo tena. Ikizama kiganja kizima bila kulazimishwa, umemwagia vya kutosha.

Wakati wa mvua, acha. Mvua ya milimita 15 na kuendelea imekulipia siku tatu nne. Tunawaona watu wakimwagilia Januari kwa sababu "shamba boi amezoea".

Asubuhi au jioni?

Alfajiri, kati ya saa kumi na moja na saa mbili, kabla upepo haujaanza. Lakini kama maji ya mgao kwenu yanakuja saa sita za usiku, mwagia saa sita za usiku. Onyo la kwamba maji ya usiku yanaleta ukungu lina uzito pwani, kwenye unyevunyevu wa Tanga au Mombasa. Kwenye hewa kavu ya Dodoma kiangazi hatujawahi kuona ukungu wa maana. Mchana wa jua kali ndio wa kuepuka. Majani hayataungua kama watu wanavyosema, ila sehemu kubwa ya maji itapaa na upepo itakwenda kwa jirani.

Agosti nyasi zangu zimekuwa rangi ya kaki, zote. Zimekufa?

Kama ni ukoka na zilikuwa na afya Aprili, kuna uwezekano mkubwa zimelala tu. Chimba kipande cha ukubwa wa kiganja uangalie mashina ya chini ya udongo. Yakiwa meupe au ya rangi ya maziwa, magumu, yanavunjika kwa mlio, yako hai. Yakiwa ya kahawia, mepesi, yamesinyaa kama uzi, hapo pamekufa. Kipimo kingine: chagua mita moja ya mraba, imwagie vizuri kila siku ya tatu kwa wiki mbili. Pakitokeza machipukizi, sehemu nyingine nayo itatokeza mvua ikija.

Nyasi zilizolala bado zinahitaji tone. Milimita 10 kila baada ya wiki mbili hadi tatu zinatosha kuhifadhi uhai wa mashina ya chini, ambazo kwa mita za mraba 100 ni lita 1,000 tu kwa awamu. Hazitarudi kijani, na usijaribu kuzirudisha nusunusu. Kuziamsha Agosti kwa maji mengi kisha kuziacha Septemba kunazichosha kuliko kuziacha zilale moja kwa moja, maana kila zinapoamka zinatumia akiba ya chakula iliyo chini.

Na msipite juu yake na gari. Nyasi zikiwa zimelala hazijirekebishi, alama ya tairi ya Agosti utaiona hadi Januari.

Kwa hiyo nikubali kukaa na nyasi za kaki miezi yote hiyo?

Sehemu yake, ndiyo. Huu ndio ushauri tunaoutoa kwa kila mteja na tunaojua hawaupendi. Gawa bustani mara mbili. Kipande kidogo karibu na baraza, tuseme mita za mraba 30 au 40, ambacho unakimwagia mwaka mzima na ndicho macho yanakiona kila siku. Kilichobaki kiache kifuate mvua, kijani Januari hadi Mei au Juni, kaki baada ya hapo. Kipande cha mita 30 kinakula chini ya lita 1,000 kwa wiki, tangi la kawaida linakimudu hata mgao ukichelewa. Anayetaka ekari nzima ya kijani Oktoba katika mji ambao watu wake wanapanga ndoo kwenye visima, ana uhuru wake, sisi tutamkatia nyasi.

Binti yangu ana send-off wiki ya mwisho ya Septemba, nyumbani. Inawezekana pakawa kijani?

Inawezekana, hongera. Anza wiki tano kabla, yaani tarehe 20 hivi ya Agosti. Wiki ya kwanza kata chepesi kuondoa majani makavu ya juu, fagia kwa reki, kisha lowesha hadi sentimita 15 chini. Endelea na milimita 25 hadi 30 kwa wiki. Machipukizi yakishaonekana, kama wiki ya tatu, weka mbolea ya UREA nusu kilo kwa mita za mraba 100 ukimwagia mara moja baada ya kuitawanya. Kata mara ya mwisho siku tatu kabla ya sherehe, na acha kumwagilia siku mbili kabla, viti na maturubai visizame.

Baada ya wageni kuondoka usikate maji ghafla. Punguza taratibu kwa wiki tatu nne. Mahali lilipokaa jukwaa patakuwa pamepauka, hapo pana kovu, patobolewe kwa uma wa bustani na pamwagiwe.

Mbolea niweke lini, na ipi?

Mara tatu, zote ndani ya mvua. Ya kwanza wiki mbili tatu baada ya mvua kutulia, mara nyingi mwisho wa Desemba, nyasi zikiwa tayari zimetoa majani mapya. Ya pili mwanzoni mwa Februari, ila kama mvua imekatika subiri irudi. Ya tatu mwishoni mwa Machi, na hii ya mwisho iwe na potasiamu, kwa mfano NPK 17-17-17, badala ya UREA tupu, kwa sababu potasiamu inasaidia nyasi kuhimili ukavu.

Kipimo cha UREA ni kilo moja kwa mita za mraba 100, cha CAN ni kilo mbili. Wauza pembejeo wengi watakuambia uongeze. Usiongeze. Tawanya jioni nyasi zikiwa kavu ili punje zisigande kwenye majani, kisha mwagia, au iwahi mvua inayokuja ukiwa na uhakika nayo. UREA ikikaa juu ya udongo wenye joto bila maji, sehemu yake inageuka hewa na kuondoka. DAP ni ya kupandia, changanya kidogo kwenye udongo kabla ya pingili, si ya kurushia juu kila mwaka.

Mei hadi Novemba mfuko ufungwe, isipokuwa kile kipande kidogo unachokimwagia.

Nikate mara ngapi na kwa urefu gani?

Januari hadi Machi kila siku saba hadi kumi. Aprili na Mei kila wiki mbili tatu. Nyasi zikishalala hakuna cha kukata. Wakati wa mvua acha urefu wa vidole viwili, sentimita tatu na nusu hivi. Mvua zikielekea kuisha pandisha mashine hadi vidole vitatu, ili majani yawe kivuli cha udongo. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Kama ulisafiri na zimekuwa ndefu, shusha kwa awamu mbili ukipisha siku nne.

Mashine ya visu vilivyochoka inachana badala ya kukata. Angalia ncha za majani kesho yake: zikiwa nyeupe zenye nyuzinyuzi, peleka visu vikanolewe. Kwanja linafaa kwa shamba la mikorosho. Kwenye bustani linaacha vipara kila mfyekaji anapochoka mkono.

Majani yaliyokatwa yaache yaanguke hapo hapo kama ni mafupi, ni mbolea ya bure.

Tuzichome moto Oktoba ili zichipue upya?

Hapana. Oktoba upepo wa hapa hauna breki, na majirani wana nyasi kavu, uzio wa miti na mifuko ya plastiki iliyonasa kila mahali. Moto pia unaondoa kifuniko cha udongo wiki chache kabla ya mvua kubwa, na mvua hiyo itabeba udongo ulioununua.

Linalofanya kazi ile ile bila hatari ni kuzinyoa. Subiri mvua ya kwanza ya uhakika, kisha shusha mashine hadi sentimita mbili, ondoa majani yote makavu kwa reki, na jua lifike kwenye mashina. Ndani ya siku kumi utaona tofauti. Ukinyoa mapema, Septemba kwa mfano, unayaacha mashina uchi kwenye jua kali kwa miezi miwili. Wakati huo huo wa kunyoa ndio wa kutoboatoboa udongo kwa uma, kila kiganja kimoja, mahali palipokanyagwa sana, na kujaza mchanga uliochanganywa na samadi iliyochekechwa.

Mbigili inatuchoma miguu. Tuing'oe lini?

Kabla haijatoa miiba, na muda ni mfupi. Mbigili huota na mvua za kwanza na kati ya wiki ya tatu na ya tano inaanza kutoa maua madogo ya njano. Ukiona njano, una siku chache. Ing'oe mzizi ukiwa umeshika kitovu chake katikati, mahali matawi yote yanapoanzia, usivute tawi. Desemba na Januari pita kila wiki. Mbegu zake zinaweza kukaa ardhini miaka kadhaa, kwa hiyo mwaka wa kwanza utachoka, wa pili utapumua. Agosti haina faida kuihangaikia, mmea umekufa na miiba imeshamwagika. Hapo fagia kwa kipande cha blanketi kuukuu ukikiburuta juu ya nyasi, miiba inanasa.

Na ndago?

Ndago ukiing'oa kwa mkono vile viazi vyake vidogo vinabaki chini na kila kimoja kinarudi. Njia ya uhakika ni kabla ya kupanda nyasi: iache iote na mvua za kwanza, ikiwa na majani mengi ya kijani ipulizie dawa ya glaifoseti, subiri wiki mbili, rudia palipobaki, ndipo upande. Kupulizia kiangazi mmea ukiwa umekauka ni kutupa dawa. Ikiwa nyasi zimeshaota, glaifoseti itaua vyote viwili, kwa hiyo nenda kwa muuza pembejeo na picha ya ndago, uombe dawa inayochagua, usome kibandiko.

Yangeyange wamejaa kwenye nyasi asubuhi nzima. Ni dalili mbaya?

Ni dalili ya kuangalia. Wanakula kitu. Mara nyingi ni viwavijeshi, ambao huja Januari hadi Machi, hasa mvua inaporudi baada ya ukavu. Changanya sabuni ya maji kidogo kwenye ndoo, mwaga kwenye mita moja ya mraba jioni, subiri dakika kumi. Viwavi watapanda juu. Wakiwa wawili watatu, waachie ndege. Wakiwa kumi na zaidi, pulizia dawa ya wadudu jioni hiyo hiyo, maana wanakula usiku na asubuhi ya tatu eneo zima litakuwa limebaki vijiti.

Mchwa ni wa kiangazi. Wanaofunika nyasi kavu kwa udongo Agosti kwa kawaida wanakula kilichokufa tayari, na maji yakirudi wanaondoka.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Nifuate ratiba ile ile?

Karibu ile ile, ila mwagia mara chache na kwa wingi zaidi, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Kumwagia kidogo kila siku kunaiacha juu, na ndipo unapoona utando mweupe na ncha za majani zilizoungua. Mvua za Januari ndizo dawa kubwa, zinaosha. Usizikinge kwa kuwa na udongo mgumu usiopitisha maji. Kuna watu wanaleta jasi kutoka Itigi. Inasaidia pale tu udongo wenyewe umeharibiwa na sodiamu, ukawa unateleza na kuganda, na hiyo pima kwanza.

Maji ya kufulia yanatumika bila shida ukiyapishanisha na maji safi, ya kusuuzia kuliko ya povu la kwanza. Yenye dawa ya kutakatisha nguo nyeupe yamwage kwingine.

Chini ya mwarobaini nyasi hazioti kabisa, msimu wowote.

Hazitaota. Ukoka unataka jua la saa sita au zaidi kwa siku, na mizizi ya mwarobaini inakunywa kila unachomwaga. Weka benchi na changarawe. Kivuli Oktoba Dodoma kina thamani kuliko nyasi.

Mimi siishi Dodoma. Ratiba hii inanifaa?

Singida, Shinyanga na Tabora, ndiyo, kwa tofauti ya wiki chache, kwa sababu mvua zao nazo ni za msimu mmoja. Dar es Salaam na Tanga zina vuli na masika, una nafasi mbili za kupanda na kiangazi kifupi. Kitui na Makueni, kule Kenya, pia zina misimu miwili, na huko mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi, kwa hiyo andaa ardhi Septemba upande zinaposhika. Walioko Muscat na miji mingine ya Ghuba wageuze fikra kabisa: huko hakuna mvua ya kufuata, ukoka na paspalum vinakua kwa maji ya bomba wakati wa joto na kupauka majira ya baridi, ndiyo maana wengine Oktoba au Novemba wanarushia juu mbegu za nyasi za baridi, ambazo hufa zenyewe joto linaporudi.

Mbuzi wa jirani wanaingia kila Septemba.

Wanaingia kwa sababu mtaani kwote hakuna kingine cha kijani. Rekebisha uzio Julai, na ongea na mwenye mbuzi kabla ya Julai.